Neno Lililoandikwa Kwenye Daftari la Mama

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, kwa hivyo daktari aliponirudishia daftari la kliniki la mama bila kunieleza alichoandika, sikuuliza. Ningeulizaje? Mwalimu mzima, hata kama amestaafu, aulize maana ya neno mbele ya watu waliopanga foleni? Nilisubiri tutoke nje, nikamketisha mama kwenye benchi, nikavaa miwani. Mwandiko wa madaktari mnaujua. Lakini neno moja lilikuwa wazi kabisa, tena amelipigia mstari: *wandering*.

Nikakasirika, na sijui hata nilimkasirikia nani. Neno lenyewe nalijua. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu katika insha za watoto wa Migwani, ambao kila mmoja wao likizo ikifika alikuwa anazurura msituni na kukutana na simba. Lakini kuliona kando ya jina la mama yangu, limebanwa kati ya presha na idadi ya vidonge kama vile nalo ni ugonjwa, hapo sikulielewa. Nililisoma mara tatu, polepole, kama mtoto wa darasa la nne.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kalamba mwaka uliotangulia. Mume wangu alikwisha kufariki, watoto wako Nairobi na maisha yao, na nyumba niliyokaa Migwani miaka yote ilikuwa ya shule. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, halafu akasahau kwamba baba tulimzika, halafu akanisahau mimi. Aliniita "mwalimu", kwa heshima nyingi, kama mtu aliyetumwa na serikali kukagua madarasa. Hilo nililizoea.

Nisilolizoea ni safari zake. Karibu kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, alichukua jembe lake, akatia sahani moja ya bati kwenye kiondo, akatoka. Ukimuuliza anakwenda wapi anakutazama kwa huruma. "Si kazini." Kazi gani, mwaitu, mama yangu? Shamba letu liko hapa mlangoni, ukingo wa chini umebomoka misimu mingi iliyopita na mvua inabeba udongo kila mwaka, na yeye hata haliangalii. Anapita kando yake na jembe begani.

Siku ile tuliporudi kutoka kliniki nilifungua kamusi. Si ile ndogo ya darasani. Ni ile kubwa waliyonipa walimu wenzangu nilipostaafu, nzito kama tofali, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inashikilia mlango wa jikoni upepo ukivuma. Maana ya kwanza: kwenda huku na huku bila lengo. Maana ya pili: kuiacha njia iliyo sawa. Ya tatu: akili kutoka kwenye jambo lililo mbele yake. Nikafunga kitabu. Mimi nilitaka kujua mama anakwenda wapi, na kamusi ilikuwa inaniambia haendi popote.

Jumatatu nikamfuata.

Kutoka kwetu hadi sokoni ni dakika kumi kwa barabara. Mama hakuikanyaga barabara. Alifuata ukingo wa shamba la jirani mpaka mwisho, akageuka, akateremka hatua chache, akafuata ukingo mwingine kurudi upande tuliotoka. Halafu tena. Nusu saa nzima nilihema nyuma yake kwa viatu vyangu vya kanisani, na nikiinua macho bado naliona bati la nyumba yetu. Ngai! Nikasema moyoni, daktari alijua alichoandika, huyu mama amepotea na mimi nimepotea naye.

Tulitokea nyuma ya buchari. Mama akasimama, akaangalia, akasalimia watu ambao mimi sikuwaona. Akaweka kiondo chini na kuanza kuchimba. Alichimba mtaro ulionyooka vizuri, udongo akiutupa upande wa juu, fanya juu yenyewe, jinsi Wakamba wote wa umri wake walivyokinga mashamba yasichukuliwe na mvua. Mwenye buchari akatoka na kisu mkononi.

"Mwalimu, kuna nini huku?"

"Sijui."

"Ananitafutia maji ama?"

"Nimekwambia sijui!"

Jua lilipofika utosini mama alipangusa jembe kwa majani. Akatoa ile sahani ya bati, akaishika kwa mikono miwili, akangoja. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna aliyekuja. Akairudisha kwenye kiondo, tukarudi nyumbani kwa kona zilezile.

Jumanne alikuwa kanisani. Alipasua mtaro katikati ya maua ya akina mama, yale wanayoyanyeshea kwa zamu na kuyaonea fahari kuliko kwaya. Mchungaji alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alinishika mkono akasema hata roho za watu wa Mungu hutangatanga jangwani, tuombe. Nikafumba macho, lakini sikuomba. Nilikuwa najiuliza kwa nini maua, kwa nini si pale penye kivuli, kwa nini jana buchari na leo nyumba ya Bwana.

Jumatano ikawa kwenye kioski cha maji, na nusura akate bomba. Mwenye kioski hakunipigia mimi. Alimpigia ndugu yangu.

Ndugu yangu namzidi miaka mitano. Ana hoteli Mtito Andei, ya madereva wa malori, na nyuma yake vyumba vya kulala vilivyozungukwa na ukuta mrefu. Alifika jioni hiyohiyo na kufuli mpya, kubwa kama ngumi yangu.

"Dada, hii aibu mpaka lini? Nimepigiwa simu na watu watatu."

"Unataka nifanye nini, nimfunge kamba?"

"Funga geti tu. Jumatano ijayo gari langu halina kazi, nakuja kumchukua. Kwangu kuna ukuta na kuna askari wa mlangoni."

"Mtito? Akitoka huko upande mmoja ni malori, upande mwingine ni ndovu wa Tsavo."

"Ndiyo maana hatatoka," akasema.

Nilipaswa kumjibu. Mdomo wangu una sifa mbaya kutoka hapa mpaka Migwani, waulize wanafunzi wangu. Lakini siku hiyo sikupata la kusema, kwa sababu sikuwa na jibu la swali moja tu: mama anakwenda wapi? Mtu asiyejua jibu la swali hilo atambishia vipi mwenye ukuta? Nikaichukua kufuli.

Alhamisi na Ijumaa nikafunga geti. Mama alikuja na jembe lake na kiondo, akalisukuma, likakataa. Akalisukuma tena. Akaniambia, "Mwalimu, fungua, nimechelewa." Nikamwambia leo hakuna kazi. Alinitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe, kisha akaanza kuligonga lile bati kwa viganja.

Nitasema nilichofanya, ingawa naona haya. Nilikwenda jikoni nikafungua kamusi. Mama anagonga geti, mimi nasoma asili ya neno. Sikujua la kufanya na mikono yangu, basi nikaipa kitabu.

Kamusi ile, chini ya kila neno, ina maandishi madogo yanayoeleza lilikotoka, na miaka yote nilikuwa nayaruka. Sasa nikayasoma. *Wander* ni neno kuukuu la Waingereza wa kale, na ndugu yake ni *wend*, kushika njia na kwenda. Ndugu mwingine ni *wind*, kujipinda, jinsi mto unavyojipinda. Hata *wand*, kifimbo, yumo katika ukoo huo, kwa sababu kifimbo chenyewe ni kile chembamba kinachopindika. Na Wajerumani, majirani wa Waingereza, neno lao la ukoo huohuo ni la kutembea milimani kwa raha, mtu na mzigo wake mgongoni, na hakuna anayemfungia geti.

Halafu nikaona *went*. Aka! Nilivua miwani nikaifuta. *Go, went, gone*: nimeyaimbisha madarasa mangapi? Kuna msichana mmoja aliwahi kuinua mkono akauliza, mwalimu, kama ni *go*, hiyo *went* imetoka wapi? Nilimwambia akae chini aache ujuaji. Kumbe *went* ni mtoto wa *wend*. Kila Mwingereza akisema alikwenda mahali, neno analotumia limetoka katika nyumba moja na hilo la kuzurura. Basi mahali gani kamusi iliamua kwamba mmoja ana lengo na mwenzake hana? Nilitafuta, sikupaona. Nje mama aliendelea kugonga, kisha akanyamaza, kisha akagonga tena.

Ijumaa jioni nilipomwosha mikono niliona viganja vimevimba. Nililia, na mama akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umefiwa?" Jumamosi asubuhi nikafungua geti, na kufuli nikaitupa kwenye kapu la kuni. Mama alikwenda kwenye kiwanja kimoja kilichojaa magugu, kisicho na nyumba wala mtu, akachimba mpaka saa sita. Mimi nilikaa chini nikamtazama. Sikuwa na maswali tena, nilikuwa nimechoka tu.

Alasiri hiyo akaja jirani yetu wa upande wa juu, bibi wa rika la mama, mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Alileta mbaazi tuchambue pamoja. Mama alikuwa amelala. Nikaanza kumlalamikia, nikitupa maganda kwa hasira: Jumatatu nyuma ya buchari, Jumanne kwenye maua ya kanisa, Jumatano kioski cha maji...

"Alhamisi poshomili," akasema.

Nikamwangalia. "Alhamisi nilimfungia."

"Ungemwacha angekwenda poshomili, pale kwa kusaga unga. Ijumaa kwa fundi viatu. Na leo alikuwa kwenye kile kiwanja cha magugu."

"Nani amekwambia?"

Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika. Nilitaka kumkaripia kwa jinsi nilivyokuwa sielewi. "Mwanangu, hiyo ni mwethya yetu! Ulikuwa mtoto, wewe ulikuwa unapelekwa shule. Tulikuwa nyumba tisa. Leo tunachimba kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu inazunguka. Pale buchari palikuwa nyumba ya mama mmoja mwenye mapacha. Kanisa lilijengwa kwenye shamba la katibu wetu. Wengi walikufa, wengine watoto wao waliuza. Jumatatu atakuwa kwenye pembe ya uwanja wa shule, utaona. Jumanne yuko kwangu."

"Na Jumatano?"

"Jumatano ni hapa. Nyumba ya tisa, ya mwisho."

Nikaziacha mbaazi. Hata zile kona zikaanza kuniingia akilini: hakuna mtu wa mwethya anayekatiza katikati ya shamba lililochimbwa, unapita ukingoni mpaka mwisho, ndipo unageuka. Mama alikuwa anapita kwa adabu kwenye mashamba ambayo mengine sasa ni maduka.

"Lakini umeharibu," jirani akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Zile siku mbili. Sheria yetu ilikuwa moja: usipokwenda kwa mwenzako, kwako haji mtu. Hata uwe na kilio. Mama yako hakuwahi kukosa siku, hata ulipozaliwa alitangulia kwenda kuchimba. Kichwa chake kimesahau mengi, lakini sidhani kama kimesahau hilo."

Jumatatu alikuwa kwenye pembe ya uwanja wa shule. Jumanne alipanda kwa jirani, na jirani alimngoja na jembe lake, wakachimba hatua kumi kwa shida, wazee wawili wanacheka kama wasichana. Saa sita jirani akapakua muthokoi. Mama akatoa sahani yake ya bati. Mara ya kwanza tangu nianze kumfuata, niliiona ikitiwa chakula. Nililazimika kwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Jumatano nilipoamka mama alikuwa jikoni. Hakushika jembe. Alikuwa amepika sufuria kubwa, ile ya harusi na matanga, sijui alipata wapi nguvu za kuiinjika. Amepanga sahani zote za nyumba hii kwenye mkeka, hata zile za kioo za wageni. Alikwenda akakaa kwenye kigoda kando ya ukingo uliobomoka, uso kwenye njia. Saa mbili. Saa tatu. Kila kiatu kilichopita barabarani alikiinulia kichwa.

Mwisho akasema, bila kuniangalia, "Hawatakuja. Kuna siku mbili sikwenda."

Sijawahi kupigwa kofi lililonifika namna hiyo. Nikachukua jembe lake nikaingia kwenye mtaro kwa gauni nililovaa. Jirani akafika, kwa deni la jana, na jembe lake begani. Ndipo gari la ndugu yangu likaingia.

Alishuka na viatu vinavyong'aa. "Mama yuko tayari? Nguo zake ziko wapi?"

Mama alimtazama, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye tumbo la mwenye hoteli, akamwambia kwa ukali, "Umechelewa. Jembe lako liko wapi?"

"Dada, anasema nini?"

Nikamweleza, nikichimba. Nyumba tisa, zamu, buchari, poshomili, kufuli. Nilieleza vibaya, na hasira, na pumzi ikinikatika. Akasema hayo yote ni ya zamani, hizo nyumba hazipo. Nikamwambia mama yupo.

"Na mimi ni mgeni tu hapa," akasema, akijaribu kutabasamu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umeondoka miaka thelathini. Shika hili."

Sikudhani angeshika. Alivua viatu, akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha gari. Alichimba vibaya mno, akitupa udongo chini badala ya juu, na mama akainuka kwenye kigoda akamfundisha, akimshika kiwiko. "Juu. Tupa juu. Maji hayana haraka ukiyazuia." Nilimwona ndugu yangu akigeuza uso upande.

Tulikula wanne, kati ya sahani zile zote. Mama alizihesabu kwa kidole, akazirudia. Kisha akauliza, "Ni nani alifunga geti?"

Ndugu yangu akaangalia chini. Kufuli ilikuwa yake, lakini mkono ulikuwa wangu. Nikasema, "Ni mimi, mwaitu."

Akamaliza kutafuna. "Basi zile siku mbili utazilipa wewe," akasema.

Ndugu yangu aliondoka jioni, gari halina mtu mwingine. Kufuli yake aliitoa mwenyewe kwenye kapu la kuni. Hakusema kwamba amebadili nia, na mimi sikumuuliza.

Alhamisi mama hakutoka. Zamu ilikuwa imeisha, na mpya haijaanza. Alibaki kuukagua ukingo wake. Mimi nikachukua jembe, nikatia sahani ya bati kwenye kiondo, nikapita ukingo kwa ukingo mpaka nyuma ya poshomili. Nilichimba. Wateja waliacha mahindi yao wakaja kunitazama, na nikamsikia mmoja akisema, bila hata kushusha sauti, "Wooi, sasa hata mwalimu ameanza."

Sikumjibu, mimi niliyezoea kujibu. Ningemwambia nini? Kwamba neno analolitafuta lina ndugu watatu? Nilikuwa sijaelewa bado, na sijui kama nimeelewa hata leo, kwa nini mgongo wangu uliuma vile na moyo ukawa mwepesi.

Karibu saa sita simu ikalia. Ni ndugu yangu.

"Dada, nimepigiwa simu. Wanasema umeonekana nyuma ya poshomili unachimba peke yako. Uko sawa? Unaendelea na hiyo kitu mpaka lini?"

"Mpaka kesho," nikamwambia. "Kesho niko kwa fundi viatu."